Wiketi 321, Wiketi 10: Wiki Moja Nyuma ya Kriketi ya Kaunti

Jumamosi, 28 Juni 2025. Chelmsford

Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikalala mpaka adhuhuri, nikabeba begi na kushika treni kutoka Colchester. Likizo ni siku saba na nimeamua kuzimaliza zote kwenye kriketi. Mke wangu ameshaacha kuniuliza kwa nini. Mimi ni mtu wa Mombasa. Udogoni tulikuwa tukichungulia kriketi nje ya uzio, na nilipohamia mkoa wa Essex nikajikuta nashabikia kaunti ya Essex kama vile nimezaliwa nayo.

Kutoka stesheni ya Chelmsford unapita bustanini, chini ya daraja refu la reli, ukifuata mto Can, ambao kwa ukubwa wake nyumbani tungeuita mfereji. Punde unaziona nguzo za taa za uwanja. Leo hakuna mechi. Nimesimama nje ya lango kama mtu aliyekuja kudai deni.

Na kweli nina deni. Sam Cook, mrushaji wa Essex, ni mtoto wa mji huu. Mwezi uliopita aliitwa na England kucheza mechi yake ya kwanza ya Testi, yaani mechi ndefu za mataifa, dhidi ya Zimbabwe pale Trent Bridge, akiwa ameshachukua wiketi 321 (wapigaji aliowatoa) kwenye mechi ndefu za daraja la juu, kwa wastani usiofika mikimbio 20, yaani alama 20, kwa kila wiketi. Miaka ya kusubiri! Mechi ikaisha akiwa na wiketi moja kwa mikimbio 119. Watu wakasema, si mnaona, kasi hana. Ni kweli hana. Hurusha kwenye maili 80 hivi kwa saa, akitegemea mshono wa mpira na subira.

Katika mechi hiyohiyo Shoaib Bashir, mrusha spini, yaani mpira wa polepole unaozunguka, alichukua wiketi tisa. Huyu Bashir alipochaguliwa kwenda India mwishoni mwa 2023 alikuwa na umri wa miaka 20, amecheza mechi sita za daraja la juu na kuchukua wiketi 10 tu, tena kwa bei ghali. Walimwona kwenye kipande cha video. Nahodha Ben Stokes alikiona mtandaoni, akakituma kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa wa timu: kijana mrefu wa kaunti ya Somerset, mechi yake ya kwanza, anamsumbua Alastair Cook, nahodha wa zamani wa England. Na video yenyewe ilichukuliwa hapa Chelmsford, ndani ya lango hili lililofungwa! Mmoja kalima shamba hili miaka, mwingine kapita siku nne akaondoka na mavuno.

Basi hilo ndilo ninalolifuata wiki hii. Nataka kujua kama kriketi ya kaunti bado ndiyo njia ya kwenda timu ya taifa, au imebaki kituo cha kupigia picha.

Jumapili, 29 Juni. London

Nimefikia kwa rafiki yangu Stratford. Tumekula pilau, tumezungumza siasa za Kenya mpaka usiku. Kriketi sikuigusa, na nilikuja kujuta.

Jumatatu, 30 Juni. The Oval

Joto limepita nyuzi 30. Waingereza wanatembea kama watu walioonewa. Mimi nimekaa upande wa jua makusudi.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: kaunti ni 18, kumi Daraja la Kwanza na nane la Pili, mechi moja ni siku nne, na ubingwa wake rasmi ulianza 1890. Huendi kwenye mechi hizi kutafuta kelele. Unakuta wazee na chupa zao za chai, magazeti, kofia zilizopauka, na mtu mmoja aliyelala usingizi wa haki kabisa. Surrey, wenyeji wa uwanja huu wa London, wanacheza na Durham, na walianza kupiga jana nilipokuwa nakula pilau.

Jina la leo ni Dom Sibley. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 18 na bado mwanafunzi, alipiga mikimbio 242 kwenye uwanja huuhuu dhidi ya Yorkshire. Wakati ule kila mtu alimtabiria makubwa. Akacheza Testi 22 kati ya 2019 na 2021, kisha akaachwa, maana hupiga polepole, mpira baada ya mpira, kama mtu anayechambua mchele. Leo amefika 305. Hakurusha gongo hewani kwa mbwembwe, alilinyanyua tu, akafuta jasho.

Dan Lawrence naye kapiga 178. Lawrence alikuwa wetu Essex kabla ya kuhamia huku, kwa hiyo kila alipopata mikimbio minne kwa pigo moja nilipiga makofi kwa mkono mmoja. Will Jacks 119, Sam Curran 108. Surrey wakafunga zamu yao ya kupiga wakiwa na 820 kwa wiketi tisa, alama kubwa kuliko zote katika historia yao. Ile ya kabla yake ilikuwa 811, walipowapiga Somerset hapahapa mwaka 1899. Tulisimama kushangilia, ila shangwe ilikuwa na haya ndani yake. Vijana wa Durham walikuwa wakitembea kama wabebaji wa bandarini mwisho wa zamu.

Kisa cha yote haya ni mpira. Kaunti hutumia Dukes, ulioshonwa kwa mkono, mshono wake umeinuka na unadumu kwa muda mrefu. Mrushaji mwenye akili akiulenga vizuri unapinda, unaruka huku na huku, na mtu kama Sam Cook anakula. Lakini tangu 2023 raundi chache za ligi huchezwa kwa Kookaburra, mpira wa Australia. Mshono wa Kookaburra hulala mapema, na baada ya ova chache (ova moja ni mipira sita) unakuwa kama chungwa: hauna la kumsaidia mrushaji, labda awe na kasi ya kutisha au spini kali. Raundi hii ni ya Kookaburra.

Mzee aliyekaa jirani yangu, Mwingereza mwenye kitabu cha kujazia alama kwa kalamu ya risasi, alikuwa na hasira tupu. Kwake yeye huo ni ujinga uliovishwa suti. Nikamsikiliza, na moyo wangu wa Essex ulikuwa upande wake, lakini kadiri jua lilivyozidi nilianza kuyumba. Novemba hii England wanakwenda Australia kugombea Ashes, taji la kale la Testi kati ya nchi hizi mbili, na huko hawajashinda hata mechi moja ya Testi tangu Januari 2011. Huko hakuna Dukes, na jua ni kama la leo kila siku. Nikamwazia Sam Cook akirusha kwa maili 80 kwenye uwanja kama huu, mbele ya mtu kama Sibley, tangu asubuhi hadi machweo. Nilichokiona sikukipenda.

Kwa hiyo wateuzi wa England wanapotafuta wenye urefu na kasi na wakaacha kusoma jedwali la wiketi, wanajua wanachokitafuta. Nakiri hilo kwa shingo upande. Lakini ukishasema takwimu za kaunti hazina maana, yule anayerusha ova 30 kwenye baridi ya Aprili anarushia nini? Mwenzake Cook pale Essex, Jamie Porter, alichukua wiketi 75 mwaka 2017 tulipotwaa ubingwa. Aliitwa kikosini mwaka uliofuata na hajawahi kuchezeshwa Testi hata moja.

Jumanne, 1 Julai. Leicester

Treni kutoka St Pancras ni mwendo wa saa moja na ushei. Nilipanga kupita uwanja wa Grace Road lakini nilianzia Belgrave Road, na huko ndiko siku yangu ilikoishia.

Mtu wa Pwani akifika mtaa ule anajisikia nusu nyumbani. Sari madirishani, harufu ya bizari, na kwenye orodha ya chakula kitu kiitwacho "mogo". Ni muhogo wetu, uliosafiri na Wahindi wa Afrika Mashariki mpaka huku, ukapoteza silabi moja njiani. Nimeagiza wa kukaanga, wa pilipili na ndimu. Mzee wa meza ya pili alinisikia nikiongea na simu kwa Kiswahili, akageuka.

"Kijana, unatoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Mombasa."

"Marahaba! Mimi Jinja."

Kiswahili chake kimebaki palepale kilipokuwa 1972, Idi Amin alipowafukuza. Anasema "motokaa". Anasema "senti hamsini" kwa sauti ya mtu anayekumbuka zinanunua nini. Mwaka ule halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije katika mji huu. Wakaja. Akalisimulia hilo akicheka, huku akinisukumia sahani yake ya kachori.

Nilipomwambia Ijumaa nakwenda uwanja wa Edgbaston, Birmingham, akanyamaza kidogo. Kumbe alikuwepo pale 1975. Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilichezwa Uingereza, na timu ya Afrika Mashariki ilikuwemo: Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia chini ya nahodha mmoja, Harilal Shah. Siku ya New Zealand, 7 Juni, Glenn Turner aliwapiga 171 bila kutoka. New Zealand wakafika 309. Sisi (mzee alisema "sisi" na mimi sikumsahihisha) tukajibu 128.

"Lakini hawakututoa wote," akasema, kidole juu. "Wiketi nane. Ova zote 60 tumepiga. Andika hiyo."

Nimeandika. Wiki moja baadaye, uwanja uleule, England walipata 290 na Afrika Mashariki ikatolewa yote kwa 94. Hiyo mzee hakuitaja. Katika timu ile alikuwemo Don Pringle, na mwaka uleule akafa kwa ajali ya gari Nairobi. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi Septemba 1958, alikuja kuchezea Essex yetu na England Testi 30, na fainali ya Kombe la Dunia ya 1992 alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 22. Mwezi mmoja baada yake, Nairobi hiyohiyo, alizaliwa Dipak Patel, akachezea kaunti ya Worcestershire, kisha akahamia New Zealand, na katika Kombe lilelile la 1992 wakamfungulisha mechi kwa spini wakati timu nyingine zikianza na warushaji wa kasi. Nairobi ya 1958 ilikuwa na maji gani?

Tukarudi kwenye ya leo, kwa sababu mzee ni Leicestershire damu. Kaunti yao haikushinda mechi hata moja ya ligi msimu wa 2013 wala 2014. Sasa wanaongoza Daraja la Pili, na la Kwanza hawajalicheza tangu 2003. Fahari yake ni Rehan Ahmed, mtoto wa dereva teksi wa Nottingham, mrusha spini anayezungusha kwa kifundo cha mkono. Desemba 2022 pale Karachi, akiwa na miaka 18 na siku 126, akawa mwanamume mdogo kuliko wote kuchezea England Testi. Alikuwa amecheza mechi tatu tu za daraja la juu. Akachukua wiketi tano katika zamu ya pili. Mdogo wake Farhan, akiwa na miaka 16, mwaka jana aliichezea Nottinghamshire dhidi ya Surrey akachukua wiketi 10 kwenye mechi moja. Hakuna mdogo zaidi aliyefanya hivyo Uingereza. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya W.G. Grace, gwiji wa zamani, ya 1865.

"Mtoto wa duka, mtoto wa teksi," mzee akasema, "huyo lazima apige mara mbili ndiyo aonekane."

Kisha akalalamika kuhusu Josh Hull, kijana wa kwao mwenye urefu wa futi 6 na inchi 7, aliyechezeshwa Testi The Oval mwaka jana akiwa na wiketi chache mno. Nikamwuliza, mzee, mbona Rehan naye alichaguliwa na mechi tatu na hukulalamika? Akanitazama, akamwita mhudumu alete chai nyingine.

Jumatano, 2 Julai. Birmingham

Nimefika kwa dada. England na India wameanza Edgbaston leo lakini tiketi yangu ni ya Ijumaa. Nimelala kama gogo.

Alhamisi, 3 Julai. Birmingham

Redio imewashwa jikoni tangu asubuhi. Shubman Gill, nahodha wa India, amepiga 269, na Bashir amemaliza zamu na wiketi tatu kwa mikimbio 167. Kila alipopigwa sita nilisikia sauti mbili ndani yangu. Ya kwanza ilisema si niliwaambia. Ya pili ilikumbuka kuwa kijana huyu alichelewa mechi ya Hyderabad mwaka jana kwa sababu ya viza, wenzake wakiwa wameshatua, yeye anangoja muhuri. Kwa mambo ya viza mimi husamehe haraka.

Jioni mpwa wangu, miaka 14, alinipeleka bustanini na begi lake la vifaa vya mtumba. Anarusha spini. Shule yake ya serikali haina uwanja wa kriketi wala mwalimu wa kriketi. Anacheza kwenye klabu ya mtaa, siku mbili kwa juma, babake akipata nafasi ya kumpeleka.

Tukiwa tumekaa kwenye majani nilimhesabia walikosoma waliomo timu ya taifa. Zak Crawley, Tonbridge. Ollie Pope, Cranleigh. Harry Brook, Sedbergh. Joe Root alimalizia Worksop kwa ufadhili. Jacob Bethell alitolewa Barbados akiwa mdogo akaletwa Rugby. Gus Atkinson, Bradfield. Zote ni shule za kulipia, zenye nyasi kama zulia na makocha waliowahi kucheza kaunti. Sisemi hawana vipaji, Brook ni balaa. Lakini nchi nzima inalalamikia kaunti kwamba hazileti wachezaji, na kaunti zenyewe huvua kwenye madimbwi machache yaleyale.

Kuna wanaojaribu. Hapahapa Birmingham ilianzishwa akademia ya wachezaji wenye asili ya Asia Kusini ambao kaunti ziliwapita, na Kashif Ali alitoka huko akapata mkataba Worcestershire mwaka 2022. Mpwa wangu anamjua Kashif Ali. Anamjua Crawley pia, lakini kama mtu anavyoijua ndege inayopita.

Nikamsimulia siku niliyoipenda kuliko zote, Septemba mwaka jana, Taunton, nyumbani kwa Somerset. Somerset hawajawahi kutwaa ubingwa wa kaunti tangu dunia iumbwe, na mabingwa Surrey walihitaji kumaliza tu bila kufungwa. Archie Vaughan, miaka 18, mtoto wa nahodha wa zamani wa England Michael Vaughan, mechi yake ya pili, alichukua wiketi 11. Mwishoni jua linazama, wachezaji wote wamemzunguka mpigaji kama watu kwenye bao la mtaani, mrusha spini Jack Leach akirusha upande huu na Vaughan upande ule, Surrey wakatoka 109. Ushindi wa mikimbio 111, dakika zikihesabika. Ubingwa hata hivyo wakauchukua Surrey.

"Archie naye kasoma wapi?" mpwa akauliza.

"Millfield."

"Ya kulipia?"

"Ya kulipia."

Akaenda kuokota mpira wake.

Ijumaa, 4 Julai. Edgbaston

Nimeingia mapema nikatafuta mahali pa kusimama peke yangu dakika moja. Miaka 50 iliyopita, mwezi mmoja kasoro siku tatu, watu wa kwetu walipiga ova 60 hapa bila kutolewa wote. Hakuna kibao. Nimepiga picha ya nyasi nikamtumia mzee wa Leicester kwenye simu ya mwanawe.

England walianza siku wakiwa 77 kwa wiketi tatu, India wakiwa na 587. Haukupita muda mrushaji wa India Mohammed Siraj akamtoa Root, na mpira uliofuata akamtoa Stokes. 84 kwa tano. Jamie Smith akaingia kukabili mpira wa hatriki, yaani ambao ungempa Siraj wiketi ya tatu mfululizo, uwanja wa watu 25,000 ukiguna kwa pamoja, naye akausukuma kwa utulivu ukaenda nne.

Habari ya Smith lazima niieleze. Alipochaguliwa katikati ya mwaka jana awe mlinda wiketi wa England, yule anayekaa nyuma ya vijiti kudaka mpira, hakuwa hata mlinda wiketi wa kwanza wa kaunti yake. Kazi hiyo pale Surrey ni ya Ben Foakes, ambaye wengi humhesabu kuwa mwenye mikono bora duniani. Ni kama kumwacha imamu wa msikiti ukamwita maamuma aongoze sala ya Idi. Nilipiga kelele nyingi kuhusu uamuzi ule, mashahidi wapo.

Smith alifika mikimbio 100 kabla ya chakula cha mchana, mipira 80 tu. Yeye na Brook wakaongeza 303. Mbele yangu kundi la vijana waliovaa kama ndizi walikuwa wameacha kuimba, wanatazama tu. Brook alipotoka na 158 timu ikiwa 387, waliobaki waliongeza 20 peke yake, wote nje 407, na wachezaji sita walitoka bila mkimbio hata mmoja. Smith alibaki 184, hakuna mlinda wiketi wa England aliyewahi kupata zaidi. Siraj alichukua wiketi sita.

Kwa Smith nimekosea. Nimeandika na nimetia sahihi. Lakini tazama pia wale sita wa sifuri, tazama warushaji waliopigwa 587. Jicho linaloona kipaji kwenye video linaona kweli. Ila halioni uchovu, wala siku ya pili alasiri mpira ukiwa umekufa. Hayo hujifunzwa The Oval mbele ya wazee wanaosinzia, na ndiyo ninayoogopa kwa Novemba. James Rew wa Somerset ana miaka 21 na ameshafikisha mikimbio 100 mara nyingi zaidi kuliko baadhi ya waliomo kikosini. Mwezi Mei waliita jina lake kama akiba, akarudi kaunti. Ningekuwa mimi ningempandisha ndege ya Perth, Australia. Najua, mimi ndiye niliyesema hivyohivyo kuhusu Foakes.

Jumamosi, 5 Julai. Birmingham, kisha nyumbani

Treni yangu ni ya saa tano. Saa mbili mpwa kaniamsha.

"Mjomba, nirekodi."

Tukatoka nyuma ya nyumba. Pipa la taka limewekwa kuwa vijiti. Akanielekeza nisimame pembeni na niishushe simu, ili aonekane mrefu. Yule Bashir ana futi 6 na inchi 4. Huyu bado yuko usawa wa bega langu.

Mpira wa kwanza ukapita pembeni. Wa pili ukagonga ukuta wa jirani, dada akachungulia dirishani. Wa tatu mfupi, wa nne mzuri lakini ukakosa kwa inchi moja. Wa tano ukatua mbali kabisa nje, ukauma ardhi, ukageuka kama uliosahau kitu, ukagonga pipa katikati. Akaruka, akaja mbio kuangalia.

Dole gumba langu lilikuwa limeziba kioo. Kinachosikika ni mlio wa pipa tu.

"Rudia basi," nikamwambia, nikatazama saa.